MJADALA: Maadili ya enzi ya Malkia Victoria yaliijenga riwaya au yaliiziba mdomo?

Wanajamvi, salaam. Mwenzetu mmoja ameandika kwamba riwaya za Uingereza za karne ya 19 zimedumu kwa sababu jamii ile ilikuwa na maadili makali, ikamlazimu mwandishi kuchunga kalamu. Namheshimu, ila hapa tunaachana njia.

Tuanze na pesa. Riwaya mpya ilitoka kwa juzuu tatu, shilingi 31 na peni 6. Wasomaji wengi waliazima kwenye maktaba ya Charles Mudie, London, kwa ada iliyoanzia shilingi 21 kwa mwaka. Yaani kitabu kimoja kilizidi ada ya mwaka mzima! Alichokikataa Mudie, kwamba hakifai kusomwa sebuleni mbele ya mabinti, mchapishaji alikiogopa. Maadili hayo yalipitia dukani.

Sasa mtazameni Thomas Hardy, mwandishi wa riwaya wa Uingereza. Mwaka 1891 riwaya yake kuhusu msichana aitwaye Tess ilikuwa ikitoka gazetini kwa sehemu. Jumapili moja, wasichana wanne wakamuaji wa maziwa wanakwama njiani kwenda kanisani, maji yamejaa barabarani. Kijana Angel Clare anawavusha mmoja mmoja mikononi, Tess akiwa wa mwisho, na Tess ndiye hasa Angel aliyekuwa akimngojea. Mhariri akaona haifai. Hardy akaleta toroli, Angel akawasukuma humo! Mapenzi yanachipuka vipi kwenye toroli? Kitabu kilipotoka, mikono ikarudi.

Nakubali jambo moja, tena kubwa: bila jamii ile Tess asingekuwepo. Sheria ya talaka ya 1857 ilimtaka mume athibitishe uzinzi tu. Mke alitakiwa athibitishe uzinzi pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Ndivyo ilivyo riwayani, usiku wa harusi ya Tess na Angel: Angel anaungama ya nyuma, anasamehewa; Tess anaungama yake, anaachwa. Inaniuma kila nikiisoma. Lakini jamii kukupa kisa si sawa na kukuruhusu ukisimulie.

Mwaka 1895 ikatoka riwaya yake nyingine, Jude the Obscure, na askofu wa Wakefield akatangaza kwamba ameitupa motoni. Hardy aliishi hadi 1928 akiandika mashairi, bila kutunga riwaya nyingine mpya. Ndugu yangu unayesema ukali ule uliijenga riwaya, hizo ambazo hakuziandika unazihesabu upande gani?