Nampeleka mama Peterhof mwezi wa saba, magoti mabovu: tupitie wapi?

KijanaWaVoronezh: Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Mama yangu anakuja Urusi kunitembelea, ndiyo mara yake ya kwanza kupanda ndege. Aliona kwenye simu ya dada picha za ile bustani ya Tsar Peter, masanamu ya dhahabu na maji yanaruka juu, sasa kila nikipiga simu swali ni moja: "Yale maji tutayaona lini?" Shida ni magoti. Ngazi kumi tu anashika ukuta. Na picha zinaonyesha kasri liko juu ya kilima, ngazi kila upande. Tutafikia Petersburg, Peterhof iko nje kidogo ya mji, na tuna siku mbili tu. Tuende kwa boti au treni? Na zile chemchemi zinawashwa muda wote?

BahariaMstaafu: Boti, kijana, usisumbue kichwa. Zile boti za kasi, Meteor, zinatokea karibu na makumbusho ya Hermitage mjini, kama dakika 40 mmefika. Tena faida yake si mwendo, ni pale zinapokushusha: ufukweni, kwenye Bustani ya Chini yenyewe. Mnafuata mfereji tambarare, na maporomoko makubwa yako mbele yenu. Ukienda na treni ya kituo cha Baltiysky au mabasi ya kituo cha metro cha Avtovo unatokea upande wa kasri, ushuke ngazi kisha uzipande ukiwa umechoka. Ila upepo ukichafuka baharini boti hazitoki, na nauli imechangamka.

FundiBomba: Fikeni kabla ya saa tano asubuhi, ndiyo saa Samson, sanamu kubwa ya dhahabu kwenye yale maporomoko, anapofunguliwa maji, na muziki unapigwa. Maji yanaruka mita 20 kutoka kwenye mdomo wa simba anayepasuliwa taya. Simba huyo ni Uswidi, ambayo Warusi waliichapa kwenye vita vya Poltava mwaka 1709. Sanamu ya zamani ilipotea Wajerumani walipoikalia Peterhof wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hii ya sasa ni ya 1947.

Sasa kilichonikosesha usingizi mimi: hakuna pampu! Chemchemi karibu 150, zote kwa mteremko tu. Maji yanatoka miinuko ya Ropsha, kilomita 20 na kitu, kwa mifereji iliyochimbwa 1721, yanajaa kwenye mabwawa, halafu yanashuka kwa uzito wake mwenyewe. Ndiyo maana jioni wanafunga. Msimu ni mwisho wa Aprili hadi katikati ya Oktoba, kwa hiyo mwezi wa saba uko salama.

MamaPacha: Mwambie mama asiketi ovyo 😂 Peter alipenda utani, kuna chemchemi za kulowesha wageni. Upo mwavuli, ukishaingia chini yake maji yanakuzingira pande zote. Na kule Monplaisir, kasri dogo la Peter ufukweni, kuna viti, mbele yake mawe. Wanangu waliyakanyaga robo saa wakitafuta lile linalofungua maji. Mimi nami nikaingia, na sketi yangu ya kitenge. Kumbe kuna mtu kajificha, mkono uko kwenye koki! Mbebee mama kanga ya pili na viatu visivyoteleza.

KijanaWaVoronezh: 😂😂 Na ndani ya kasri je?

FundiBomba: Msiingie. Foleni, ngazi, na dhahabu ile ile mliyokwisha kuiona nje.

MamaPacha: Fundi, si kila mtu anapenda mabomba. Lakini kwa magoti yale, sawa, achaneni nalo.

BahariaMstaafu: Jambo lingine, beba rubli taslimu. Kadi za Visa na Mastercard za benki za nyumbani hazifanyi kazi Urusi tangu 2022. Na ukishatoka kwenye Bustani ya Chini tiketi imekwisha, usitoke kununua maji ukidhani utarudi.

KijanaWaVoronezh: Asanteni sana. Nimempigia mama muda huu kumweleza habari ya boti. Kasema maji anataka kuyaona, siyo kuyapanda. Kakata simu.

BahariaMstaafu: Haya, mama kashinda. Chukueni teksi, ila dereva asiwashushe mbele ya kasri. Azungukie geti la mashariki, kule mnashuka kwa mteremko. Mama akae kwenye benchi linalotazama mfereji (siyo yale ya Monplaisir!), wewe ukapige picha. Na zile boti mwonyeshe zikiingia, huenda wakati wa kurudi akabadili mawazo.