Mnatuuzia misemo 500 ya Kiingereza wakati mwanafunzi hawezi kuuliza basi linaondoka saa ngapi!

Wakuu, hili limenifika hapa.

Kila kukicha darasa jipya la WhatsApp: lipa ada, upewe PDF ya misemo, "uongee kama Mzungu". Mwanafunzi anakariri "It's raining cats and dogs" (mvua kubwa inanyesha), msemo ambao ni nadra kuusikia vinywani mwa Waingereza wenyewe, halafu akifika kaunta anasema "The bus is leaving what time?" Hapo ndipo penye jipu, na hakuna anayelitumbua.

Sababu inajulikana. Kiswahili hakipindui sentensi ili kuuliza. "Basi limeondoka" na "Basi limeondoka?" ni maneno yale yale, sauti tu imepanda. Hata "wapi" inakaa pale pale jibu litakapokaa: "Unakwenda wapi?" "Nakwenda Morogoro." Kiingereza kinadai mawili kwa mpigo: neno la kuuliza liende mbele, na kitenzi kisaidizi (kama "are") kimtangulie mtenda. "Where are you going?" Kama kisaidizi hakipo, unaingiza "do", "does" au "did", na kitenzi kikuu kinabaki kitupu: "What time does the bus leave?" Ukisema "does the bus leaves" umeweka -s mara mbili, maana imeshahamia kwenye "does".

Akishazoea kupindua, anapindua hata pasipotakiwa: "I don't know where is he." Swali likimezwa ndani ya sentensi nyingine, mpangilio unarudi wa kawaida: "where he is". Madarasa mengi hayafiki hapa kabisa! Na vitabu vya mazoezi ndiyo usiseme: kijana wa kidato cha nne anaweza kuanza sentensi na "No sooner had", ila swali la dukani linamshinda.

Zoezi lenyewe halina gharama. Andika "She goes to the market every day", kata vikaratasi saba, kila neno na chake. Ipange. Igeuze swali: utahitaji karatasi ya "does", na "goes" itabidi iwe "go". Ikanushe. Weka "where" mahali pa soko: "Where does she go every day?" Kisha limeze: "Tell me where she goes every day." Sentensi tatu kwa siku zinatosha, mradi uzitamke kwa sauti. Kuandika peke yake hakutibu, kwa sababu kosa linatokea mdomoni, pale ambapo huna muda wa kupanga.

Sisemi misemo isifundishwe. Mitano kwa wiki, kila mmoja ndani ya sentensi kamili, na ielezwe nani humwambia nani. "Kick the bucket" ni kufa, lakini ukisema "The bucket was kicked" kifo kimetoweka, imebaki ndoo. Na hata ukiupanga sawasawa, ni msemo wa utani. Ukiupeleka kwenye salamu za rambirambi umewatukana wafiwa. Orodha zenu zinasema hilo wapi?

Mbaya zaidi ni misemo inayofanana na yetu. Kuvunjika moyo kwetu ni kukata tamaa. "My heart is broken" ni huzuni kubwa, ya mapenzi au ya msiba. Mkopo ukikataliwa, sema "I'm discouraged". Kichwa kigumu kwetu ni mtu mzito kuelewa. "Hard-headed" kwenye biashara mara nyingi ni sifa, mtu asiyeyumbishwa na hisia. Na ile "nakuja" tunayosema huku tunatoka mlangoni, ukiitafsiri "I'm coming" unamchanganya mwenzio. Inatakiwa "I'll be right back".

Wenye madarasa haya mmo humu. Njooni mseme wiki ya kwanza mnafundisha nini, na mwanafunzi anauliza maswali mangapi kwa mdomo wake kabla hamjamtumia hiyo PDF.