Limfoma imerudi mara ya pili, wanamwita kwenye majaribio

MamaZuhura (Leicester):
Habari zenu ndugu. Mume wangu ana limfoma ya seli B (kansa ya aina moja ya seli za kinga), ile inayokwenda mbio. Alipewa R-CHOP, ile kemo ya kwanza ya kawaida, mizunguko 6, ikarudi. Kemo nyingine, ikarudi tena. Sasa daktari anataka aingie kwenye majaribio ya dawa mpya, ndugu yake glofitamabu. Mwenyewe hataki. Anasema hafanywi panya, tena asije akatundikiwa dripu ya maji matupu. Kuna aliyepitia?

Kombo_Toronto:
Dada, mimi niliingia 2020, glofitamabu ikiwa bado haijaruhusiwa. Muulize daktari kwanza: awamu ya ngapi? Yetu ilikuwa ya 2, kila mtu alipewa dawa yenyewe. Awamu ya 3 ndiyo kompyuta inapiga kura nani apate dawa ipi, lakini hata huko shemeji haachwi na maji. Kundi la pili hupata tiba iliyozoeleka.

Dawa hii upande mmoja inaikamata seli ya kansa, upande mwingine inaivuta seli ya kinga ije iimalize. Kinga ikiamka ghafla, mwili unawaka. Ndiyo maana wanapandisha taratibu: wiki moja kabla nilipewa obinutuzumabu kupunguza seli B, kisha miligramu 2.5, wiki iliyofuata 10, halafu 30. Usiku wa ile 2.5 nilitetemeka hadi vyuma vya kitanda vikalia. Joto 39.4. Nesi wala hakushtuka, alikuwa anaisubiri; akanipa tosilizumabu, dawa ya kutuliza kinga iliyopanda, alfajiri nikaomba chai. Mizunguko 12, basi.

Sikufichi: matokeo yaliyotoka 2022, wagonjwa 155, waliosafika kabisa ni asilimia 39. Jirani yangu wa kitanda hakuwa mmoja wao.

NesiWaPwani:
Fomu ya ridhaa haimfungi. Anatoka siku yoyote, bila kutoa sababu. Aulize pia kama baadaye ataruhusiwa CAR-T, ile tiba ya kuchukua seli zake za kinga, kuzibadilisha maabara na kumrudishia. Na hilo la panya... kituo cha limfoma pale Mulago, Kampala, kilifunguliwa 1967, na majaribio ya huko yalichangia kemo tunayotumia leo kwa Burkitt, limfoma inayowapata sana watoto.

MamaZuhura:
Nimemsomea yote. Kanyamaza, kisha akauliza hiyo homa ilidumu saa ngapi.

Kombo_Toronto:
Saa saba hivi. Abebe blanketi la nyumbani, ya wadini mepesi kama khanga.