Broila wanakula balaa ila uzito hauji, shida ni mchanganyiko?

mfugaji_kibaha:
Wakuu habari. Nina broila 300 hapa Kibaha, leo siku ya 30, nimepima kumi wastani ni gramu 950 tu, na chakula wanafagia yaani mfuko ukifungua jioni haupo. Mahindi yamepanda nikaanza kuchanganya mwenyewe, kwa kilo 100 naweka mahindi ya kuparaza 25, pumba 35, mashudu ya alizeti 25, dagaa 10, zilizobaki mifupa, chokaa, chumvi na premiksi (ule unga wa vitamini na madini). Chanjo zote nimetoa, hawaharishi. Naumia kwa kweli.

mama_vifaranga:
Pole sana kaka. Hao wanatafuta nguvu hawaipati. Kuku anakula mpaka nguvu imtoshe, ukimpa chakula chepesi anaongeza kula lakini tumbo nalo lina mwisho. Umri huo anataka nguvu kama kilokalori 3,000 mpaka 3,100 kwa kilo ya chakula, mchanganyiko wako hata nikikuhesabia vizuri hauvuki 2,600. Mahindi yana kama 3,350, pumba na alizeti nyuzinyuzi nyingi mno. Pumba waachie mitetea wa kienyeji!! Weka mahindi 60, mashudu ya soya 25, dagaa 5, alizeti 3, mafuta ya kula 3, zilizobaki madini na premiksi. Hapo uko kama 3,050 na protini karibu asilimia 20.

banda_la_moro:
Dada kasema kweli, ila kaka usije ukamwaga mafuta kwenye mchanganyiko wako wa zamani ukadhani umemaliza. Nguvu ikipanda protini ikabaki chini kuku anajaza mafuta tumboni, nyama hamna, mimi niliwahi kuchinja wa hivyo nikasikitika sana. Na kama ni soya nzima ikaange kwanza, mbichi inawazuia kusaga protini.

mfugaji_kibaha:
Asanteni sana. Mahindi 60 siwezi kwa sasa, makopa (mihogo mikavu) je?

mama_vifaranga:
Yanafaa, nguvu yake kama 3,000, ila protini karibu hamna na yana vumbi. Toa mahindi kilo 10 weka makopa 10, soya ongeza kilo 1 kwa kupunguza alizeti. Mafuta yapekeche kwanza na mahindi kidogo ndo uchanganye na vingine, usitengeneze cha zaidi ya wiki mbili yataota uvundo. Badilisha taratibu siku tatu nne, halafu wape alfajiri na jioni, mchana joto la huko Pwani hawali. Kilo na nusu wiki ijayo usimwahidi mteja, omba siku kumi zaidi.