Nimeacha kazi, mwajiri anakataa kunilipa likizo: nifuate njia gani?

Swali

Ndugu zangu, naomba ushauri wa mtu anayeifahamu sheria ya kazi. Nilikuwa mtunza stoo katika kampuni binafsi jijini Dar es Salaam tangu Januari 2022 hadi tarehe 31 Agosti 2025, nilipoondoka kwa hiari yangu baada ya kutoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Likizo za 2022 na 2023 nilizipata. Ya 2024 niliiomba mwezi Machi 2025, nikajibiwa kwa barua kwamba mzigo ni mwingi na nisubiri hadi mwisho wa mwaka, nami nikakubali. Mshahara wangu wa msingi ulikuwa shilingi 600,000, siku sita kwa wiki. Nilipofuata malipo yangu ya mwisho nilipewa mshahara wa Agosti tu, nikaelezwa kwamba aliyeacha kazi mwenyewe amepoteza likizo, kisha nikawekewa mbele karatasi ya kukiri kwamba sina madai yoyote. Sikuisaini. Leo ni tarehe 6 Oktoba, nami nina watoto wawili wanaosubiri ada. Je, nimechelewa?

Jibu la kwanza

Pole sana, ndugu yangu. Nimefanya kazi ya utumishi kwa miaka mingi, na kauli hiyo kwamba anayejiuzulu hupoteza likizo nimeisikia mara nyingi mno; haina msingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri, ajira inapokoma, alipe likizo ambayo mfanyakazi hakuichukua pamoja na sehemu ya likizo ya mwaka ambao haujakamilika. Kanuni ya hesabu ni mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi au ulizostahili kufanya kazi.

Chukua daftari. Kuanzia Januari hadi mwisho wa Agosti 2025, ukiondoa Jumapili, kuna siku 208, na ukizigawa kwa 13 unapata malipo ya siku 16. Mshahara wako wa siku ni takriban shilingi 23,077, kwa hiyo sehemu hiyo peke yake ni kama shilingi 369,000. Likizo ya 2024 ni siku 28 za kalenda, ambazo ukitoa Jumapili nne zinabaki siku 24 za kazi, yaani kama shilingi 554,000. Jumla inakaribia shilingi 923,000, nayo si fedha ya kumwachia mtu.

Jambo moja ulichunge. Sheria inataka likizo ichukuliwe ndani ya miezi sita baada ya mwaka wake kwisha, na huweza kusogezwa hadi miezi 12 iwapo mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanahalalisha hivyo. Asiyezingatia muda huo anaweza kunyimwa malipo. Likizo yako ya 2024 ilivuka Juni 2025, kwa hiyo ile barua ya Machi ndiyo nguzo ya dai lako. Itunze na uitolee nakala.

Jibu la pili

Naongezea kuhusu muda, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu huangukia. Madai ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30, lakini migogoro mingine, ukiwamo wa malipo kama huu wako, ina siku 60. Ukihesabu tangu tarehe 31 Agosti, unaishia tarehe 30 Oktoba. Hujachelewa, ila usizubae, kwani ukipitisha siku hizo utalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya kila siku uliyochelewa.

Chukua Fomu Na. 1 ya Tume, ijaze, mpelekee mwajiri nakala naye asaini kuipokea, kisha uifungue Tume pamoja na uthibitisho huo. Mtaanza kwa usuluhishi, ambao una siku 30. Msipoafikiana, shauri huenda kwa mwamuzi. Unaweza kwenda na wakili, kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi au mtu unayemwamini. Siku ya kuitwa usikose kufika, maana shauri linaweza kufutwa.

Nakushauri pia usichanganye dai hili na kiinua mgongo. Hicho hulipwa mwajiri anapomwachisha mtu kazi, nawe uliondoka mwenyewe, kwa hiyo utampa nafasi ya kubishana juu ya jambo ambalo huna haki nalo. Dai likizo, pamoja na cheti cha utumishi ikiwa hawajakupa.

Jibu la tatu

Dada yangu alidai Unguja akaelekezwa vibaya na watu wa Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, ya 2005, kwa hiyo msomaji wa huko asizichukue siku na fomu hizi kama zilivyo.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Barua ya Machi ninayo, ina saini ya meneja na muhuri wa kampuni, na hati za mshahara za miezi yote minane zimo katika bahasha moja nayo. Kesho asubuhi nafuata fomu.