Tupeane uzoefu: kurekodi usiku kwa kamera ya HD usiyoizoea

Wakuu, kamera ya kukodi mnaletewa jioni na usiku huohuo mnarekodi. Mnaanzia wapi?

Mimi naanza na geini (kamera kukuza mawimbi ya picha ili ionekane angavu, hupimwa kwa desibeli, dB), naitoa kwenye oto kabla ya kingine chochote. Ikiachiwa gizani hupanda hadi 18 dB au zaidi, na kila 6 dB ni mara mbili: mwanga unakua, chenga (vidoadoa vinavyochezacheza kwenye picha) nazo zinakua. Weusi wa usiku unageuka kijivu kinachochemka. Kwa kamera nisiyoijua siruhusu ipite 6 dB. Pasipotosha naomba taa.

Mchangiaji wa 1: Naunga mkono. Tena chenga hubadilika kila fremu, kwa hiyo kamera inayobana picha, kama hizi za AVCHD (mfumo wa kubana video za HD), inamalizia biti zake kwenye chenga na uso wa mwigizaji unabaki na vijiboksi. Kwenye kuhariri huwezi kuurudisha.

Mchangiaji wa 2: Mimi naanza na lenzi. Nyingi zimeandikwa f/1.6 (ukubwa wa tundu la kupitisha mwanga; namba ndogo, tundu kubwa), lakini hiyo ni ukiwa kwenye upana wote, hujazumu. Ukizumu, tundu linajibana lenyewe na picha inaingia giza katikati ya shoti. Tulikuwa na tukio la mtu anayetoka mbali kuja getini. Nikabeba kamera nikamfuata, zumu sikuigusa. Mwanga ulibaki uleule.

Mchangiaji wa 3: Angalieni shata pia (muda ambao kila fremu inapokea mwanga)! Penye umeme wa 50 Hz taa nyingi hupwita mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyopangwa 1/60 itaonyesha mawimbi ukutani; 1/50 inatulia. Kamera ya kukodi huenda aliyetangulia aliipanga kivingine kabisa.

Mchangiaji wa 4: Skrini ndogo inadanganya usiku. Macho yameshazoea giza, kila kitu kinaonekana angavu. Mwongozaji wetu alitaka tupunguze taa, nikamwonyesha histogramu (grafu ya mwanga wa picha, kushoto ni giza) imelundikana yote kushoto. Tukaongeza taa moja nyuma ya mwigizaji, mabega yakajitenga na giza. Kwangu taa ya nyuma ina thamani kuliko mbili za mbele.

Mleta mada: Mkuu wa 4, hiyo ya nyuma mliiweka juu kiasi gani? Na fokasi mlishikaje, maana oto gizani inahangaika tu?

Mchangiaji wa 4: Juu ya kichwa, nje ya fremu. Fokasi kwa mkono: msaidizi alisimama alama ya mwigizaji na tochi usoni, nikazumu nikashika jicho, nikarudi upana, nikaifunga.