Naombeni ushauri: mtoto anakataa kitabu anachokipenda nikimsomea kwa Kifaransa

KurasaMia: Wakuu, habari zenu. Mwanangu ana miaka 6 na kitabu chake namba moja ni Le Petit Prince, kisa cha mwana mdogo wa mfalme cha Mfaransa Saint-Exupéry. Kwa Kiswahili, nikiruka sentensi ananisahihisha. Nimeanza kumsomea kwa Kifaransa ili lugha imkae mapema, lakini ukurasa wa pili tu anafunika kitabu na kugeukia ukutani. Nibadilishe kitabu au nikaze?

Mwanalugha: Usibadilishe. Kisa anachokijua kinambeba pale maneno yanapomshinda. Ila masimulizi yake mengi yako katika passé simple, wakati uliopita wa maandishi: "il répondit", si "il a répondu". Njeo hiyo haisikiki kwenye mazungumzo ya kawaida. Msomee maneno ya wahusika kama yalivyo, masimulizi yafupishe. Anza na sura ya 2: ombi la kuchorewa kondoo linarudi tena na tena, na michoro ipo.

Bi Hadithi: Usiku si wa darasa jamani. Mtoto alale kwa lugha ya nyumbani, Kifaransa kina mchana wake.

Kamusi2: Watafiti wa msamiati kama Paul Nation hutaja asilimia 98: ili msomaji aelewe bila msaada, maneno mageni yasizidi 2 katika kila 100. Hapo mtoto anakutana nayo mstari kwa mstari.

Mwanalugha: Samahani KurasaMia, Kifaransa chako wewe kikoje? Na kile cha Kiswahili bado anasomewa?

KurasaMia: Najifunza na mimi. Nasoma simu ikiwa mkononi, natafuta maneno. Cha Kiswahili… nimekiweka juu ya kabati. Lakini nikikishusha hatasikiliza tena Kifaransa! Na nimeshaagiza vitabu vingine vitatu.

Bi Hadithi: Kumbe umemnyang'anya! Hapo anakataa wewe, wala si Kifaransa.

Mzee wa Kona: Hii chai. Sura 27, mfanyabiashara anahesabu nyota, mwishoni nyoka. Mtoto wa miaka 6 asahihishe sentensi?

KurasaMia: Si chai mkuu. Anataka kondoo, mwasha taa na mbweha tu. Kwingine tunaruka.

Kamusi2: Mzee ana hoja. Kilipotoka New York mwaka 1943, mwandishi alikitabaruku kwa mtu mzima, Léon Werth, akawaomba watoto radhi.

Mzee wa Kona: Basi asomewe cha umri wake.

Mwanalugha: Akipendacho ndicho cha umri wake. KurasaMia, kishushe leo. Mchana andaa nusu ukurasa: tafuta maneno yote, kisha sikiliza rekodi ya msomaji mzawa, maana herufi nyingi za mwisho hazitamkwi, hasa -ent ya vitenzi. Simu iache chumba kingine. Ukisimama katikati ya sentensi, mtoto anapoteza uzi. Soma sehemu hiyo kwa Kiswahili kwanza, halafu Kifaransa, kidole kikiwa kwenye mchoro. Dakika 10 zinatosha, acha kabla hajachoka. Usimuulize maana. Sentensi moja inayojirudia mwachie aimalizie mwenyewe. Akishaizoea, ongeza nusu ukurasa mwingine.

KurasaMia: Asante. Nitakishusha. Ila vile vitatu sivirudishi.

Kamusi2: Vina picha kila ukurasa?

KurasaMia: Kimoja tu.

Kamusi2: Anza na hicho, mchana.